Hotuba Zilizonyooka

Katika mji mzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyesikiliza hotuba zote za Meya, ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kusinzia. Mkewe Meya alishaacha zamani. Madiwani walisikiliza pale walipotajwa. Huyu mmoja hakuwa na hiari, maana kazi yake ilikuwa kusimama hatua mbili kushoto kwa meza kuu, amevaa shati jeusi ili viganja vionekane vizuri, na kila neno lililotoka kinywani mwa Meya alitoe yeye kwa vidole, kuelekea benchi za viziwi. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Walimwita Mikono, na jina likamkaa mpaka kwenye kitambulisho cha kazi.

Benchi zenyewe zilikuwa mbili, mbele kabisa, upande wa dirisha kwa ajili ya mwanga. Miaka kumi na moja nyuma hazikuwepo. Siku moja dada yake Mikono, kiziwi tangu kuzaliwa, fundi cherehani, aliingia barazani akaketi kikao kizima na kibao shingoni kilichoandikwa MNASEMA NINI. Diwani mmoja alitaka atolewe. Meya, ambaye wakati huo alikuwa mpya kitini na miguu yake mizima, alishuka mwenyewe mpaka pale nyuma, akasoma kile kibao mara mbili, akacheka, akauliza nani anaijua lugha ya mama huyu. Siku ya tatu Mikono akaletwa kutoka stendi, alikokuwa akikata tiketi. Benchi zikawekwa. Tangu hapo kila Alhamisi viziwi wa mji ule walijua kinachoendelea kwao, kitu ambacho hata miji mikubwa zaidi haikuwa nacho.

Lugha ile Mikono hakuifuata darasani. Dada alimzidi miaka tisa. Mama yao alikuwa mtu wa kutoka na giza na kurudi na giza, kwa hiyo dada ndiye aliyemlea, na mtoto akaongea kwa vidole kabla ya kuongea kwa ulimi. Mpaka uzee huu alipokuwa akiota, aliota kimyakimya.

Sasa, Jumamosi moja Meya alikwenda kufungua wodi mpya. Palikuwa na utepe mwekundu, palikuwa na sinia lenye mkasi, na palikuwa na daktari mkuu amesimama karibu mno. Meya akakata utepe. Watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, Meya akaishika tai ya daktari, akaikata nayo, akarudisha mkasi kwenye sinia kwa heshima zote. Kufikia jioni hapakuwa na simu isiyo na ile tai. Meya alitoa tamko kwamba ni vidonge vya goti vilivyomchanganya, na kweli alikuwa na goti lililopasuliwa, alitembelea fimbo. Ila aliisahau chupa yake ya chai kule wodini, na mfagizi aliyeifungua akasema chai hiyo, ukiwashia kiberiti, inashika.

Jumatatu diwani mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu, waliyemwita Rula kwa unyoofu wake, akaleta hoja. Alhamisi Meya ajieleze mbele ya baraza na wananchi, kisha baraza limtake ajiuzulu au limwache.

Jumanne Mikono alipita kibandani kwa dada. Palikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa uliopita usawa wa tumbo, kiasi kwamba kila mteja alijiona amegawanyika. Dada alikuwa na pini sita mdomoni. Hiyo ndiyo raha ya kuongea kwa mikono, pini hazizuii maneno.

"Kaa," dada alimwambia. "Usinisimamie kama mtu aliyecheleweshewa suruali."

"Hiyo karatasi ya nini?"

"Barua ya chama chetu cha viziwi. Sahihi sitini na nne. Tunataka Meya abaki, na Alhamisi nitaisema mwenyewe. Wewe utanisemea."

Mikono akakaa. "Dada, ile video uliiona."

"Niliiona. Mtu amekata tai. Mimi nimewahi kumkata bwana harusi mguu wa suruali, na nilikuwa nimekunywa maji."

"Watu wanasema ni mlevi."

"Wanaosikia wanasikia mengi, ndiyo shida yao." Alichomoa pini moja, akaichomeka kwenye pindo, akarudisha mikono hewani. "Mlevi mimi namjua. Yule mwenzetu fundi viatu, akipiga maji yake, alama zake zinaanguka moja moja kama nguo kwenye kamba iliyokatika. Anaanza habari ya kiatu anaishia kwenye habari ya mvua. Huyu Meya nimemsoma miaka kumi na moja. Hotuba zake zimenyooka. Tena siku hizi zimenyooka kuliko zamani."

Mikono aliangalia kioo, akajiona nusu mbili.

"Na chumba je," dada aliendelea. "Mlevi anaahidi hivyo? Chumba namba nne, ile stoo ya zamani, madirisha mawili, mtapewa kikishakarabatiwa. Umeona wapi mlevi anakumbuka ukarabati? Hilo ndilo nitakalowapa Alhamisi. Liwe jibu."

Pembeni ya meza ya kukatia palikuwa na furushi la kitambaa cha kijani, mapazia ya chumba namba nne. Dada alikuwa ameyapima madirisha kwa nje, amepanda juu ya ndoo, wapita njia wakimshangaa. Mapazia yalikuwa yameshonwa na kupigwa pasi mwaka na nusu sasa. Kila baada ya miezi michache alimuuliza mdogo wake, vipi ukarabati, na mdogo wake alimjibu, bado wanachelewachelewa.

Ila Meya hakuwahi kuahidi chumba chochote.

Mambo yalianza miaka minne nyuma, na yalianza kwa wema, au kwa uvivu, mwenyewe hakuwa na hakika. Meya alikuwa ametoka kupasuliwa goti. Siku hiyo alirudia sentensi moja mara tatu. Mikono aliitoa mara moja tu. Nani angemlaumu? Mwezi uliofuata Meya alianza sentensi akaisahau njiani, na Mikono, ambaye siku zote alipewa nakala ya hotuba siku moja kabla, akaimalizia ilivyoandikwa. Kisha ikawa ndiyo desturi. Meya anabwabwaja kuhusu mifereji, anacheka peke yake, anakohoa, anarudi kwenye mifereji; na hatua mbili kushoto vidole vinatoa hotuba safi yenye mwanzo, kati na mwisho. Viziwi hawakumtazama Meya. Alikaa nyuma ya meza, na masharubu yake yalifunika mdomo, hasomeki. Kuyumba kwake walikuhesabu kuwa ni goti. Walitazama mikono. Mwisho wa hotuba walipunga viganja juu, ndiyo makofi yao, na upande wa pili wa ukumbi wanaosikia walikuwa wakitazamana na kukanyagana miguu chini ya viti.

Ile siku ya chumba haikuwa hotuba, ilikuwa maswali. Dada alisimama akaomba pahali pa kufundishia wasichana viziwi cherehani. Meya alifikiri, akainua kidole, akasema, "Chumba kile, mama. Chumba kile kina... kina milango." Akacheka mpaka akafuta macho. Mikono alikuwa amewasikia madiwani wawili kwenye korido wakisema ile stoo ya zamani haina kazi. Dada alikuwa anamtazama, amekaza macho kama alivyokuwa akimtazama enzi zile akimfundisha kuhesabu. Vidole vikaenda vyenyewe. Viziwi wote walisimama kupunga, na Meya naye, kwa kuona mikono juu, akawapungia.

Jumatano asubuhi Mikono alikwenda ofisini kwa Katibu wa Baraza. Katibu alikuwa mama mkavu wa maneno, ameona mameya wanne wakija na kwenda, na mezani kwake kulikuwa na mihuri mitano iliyopangwa kwa urefu.

"Naomba kesho nisiwepo," Mikono alisema. "Anayezungumza ni dada yangu wa tumbo moja. Haipendezi."

"Tuna mkalimani mwingine?"

"Hatuna."

"Basi inapendeza." Katibu alifunika kalamu yake. "Unaumwa?"

"Hapana. Wewe unaonaje, Katibu? Aondoke au abaki?"

"Mimi sionagi. Mimi naandika. Akiondoka nitaandika barua moja. Akibaki nitaendelea kuandika kila siku barua za kusema alichosema sicho alichomaanisha." Akamtazama juu ya miwani. "Wewe mwenzangu una nafuu, ya kwako hayaandikwi popote."

Mikono alitoka nje, akazunguka jengo mpaka nyuma, akasimama mbele ya chumba namba nne. Kilikuwa na kufuli lenye kutu, na dirishani vilionekana viti vilivyovunjika na jenereta bovu. Alisimama pale akipiga hesabu yake, na hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kesho dada atasema, na yeye ndiye sauti. Katika ukumbi ule hakuna mwingine aliyejua lugha zote mbili. Dada angeweza kutamka chumba namba nne kwa vidole vyote kumi na baraza likasikia "Meya ametusaidia mengi." Angeketi ameridhika, baraza lingeshukuru, na mambo yangepita. Neno moja tu la kuruka. Alisharuka maelfu.

Lakini hayo maelfu yalikuwa ya Meya. Maneno ya dada yake hakuwahi kuyagusa, hata moja, tangu akiwa mtoto wa kutumwa dukani na kumwambia muuzaji, dada anasema unga huu una wadudu.

Alhamisi saa nne ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Meya aliingia kwa fimbo, amenyoa, suti imepigwa pasi, hana chupa. Alipopita karibu na Mikono alisimama. Akakunja viganja vyote viwili juu ya kichwa cha fimbo.

"Ndugu yangu," alisema chini chini. "Wale wako ndio waliobaki upande wangu. Hujawahi kuniangusha."

"Kaa salama, Mheshimiwa," Mikono alijibu.

Meya alijieleza kwa dakika chache. Alisema anaomba radhi kwa daktari, na tai mpya imeshapelekwa. Alisema goti lilimletea vidonge, na vidonge vimemletea matatizo ambayo anayashughulikia. Alisema hajawahi kukalia kiti kile akiwa hajiwezi. Mikono aliyatoa kama yalivyo. Yalikuwa makavu na yamekamilika, na ilimshangaza kuona kazi yake ilivyo nyepesi.

Rula akasimama, mikono nyuma kama yuko mbele ya ubao.

"Mimi sijali mtu anakunywa nini kwake. Swali langu ni moja. Hizo siku ambazo yeye hayupo na kiti kimekaliwa, nani alikuwa anauongoza huu mji?"

Mikono alilitoa swali hilo kwa vidole na kuona haya mpaka masikioni.

Wananchi wakafuata. Mwokaji mikate alisema yeye kijana wake akija kazini amelewa hamkaribishi karibu na tanuri, sasa mji ni mdogo kuliko tanuri? Muuguzi mstaafu alimjibu kwamba ukimfukuza mgonjwa kwa sababu ametajwa, wagonjwa wengine wote watajifunza kujificha vizuri zaidi. Sauti kutoka ngazini ikasema, "Huyu hata kujificha hajui, angejificha tungekuwa nyumbani." Watu wakacheka. Mikono akatoa na kicheko, alama ya kicheko, na viziwi nao wakacheka kwa kuchelewa kidogo, kama kawaida.

Kisha Katibu akamwita mwenyekiti wa chama cha viziwi.

Dada alisimama, amevaa gauni lake la mikutano, akaiweka barua ya sahihi mezani kwa Katibu. Aligeuka ili baraza limwone uso na mdogo wake amwone mikono. Mikono alifungua mdomo na kuwa yeye, maana ndivyo kazi ilivyo. Mkalimani akisema "mimi", mimi huyo si yeye.

"Mimi ni fundi," alisema kwa sauti yake nzito ya kiume, na hakuna aliyecheka, walishamzoea. "Natambua kitu kilichoshonwa vizuri. Meya huyu ametuweka kwenye benchi hizi wakati hakuna aliyejua kwamba tunataka kukaa. Tumemsoma miaka kumi na moja. Mnasema maneno yake yamepinda. Sisi hatujaona. Labda nyinyi mnasikiliza sauti, sisi tunasoma maneno."

Mikono ya dada ilitulia kidogo. Alikuwa anajiandaa. Mikono akaona vidole vinne vikiinuka.

Hapo palikuwa na nafasi, ndogo kama ya kupumua. Angeweza kupita.

"Nawapa mfano," alisema. "Miaka miwili iliyopita nilimwomba pahali pa kufundishia wasichana. Alinijibu papo hapo. Alisema mtapewa chumba namba nne, ile stoo ya zamani, kikishakarabatiwa. Mlevi hajibu hivyo. Na mapazia tumeshashona."

Madiwani wakatazamana. Katibu alikuwa ameshavuta jalada, akafunua, akapitisha kidole.

"Kikao hicho ninacho hapa," alisema. "Swali la mama huyu limeandikwa. Jibu la Meya limeandikwa hivi: maneno hayakusikika vizuri, Meya alicheka."

Mikono alimpa dada hayo. Dada alikunja uso.

"Waambie wasome tena," alisema, na Mikono akasema, "Someni tena."

"Hakuna cha kusoma tena," Katibu alisema. "Ni mstari mmoja."

Meya aliinuka. Aliwatazama wale wa benchi za mbele, nyuso sitini na kitu, wengine wamesimama ukutani, ndio peke yao katika ukumbi mzima waliokuwa wakimtazama kwa upole.

"Nilisema," Meya alisema. "Nakumbuka vizuri kabisa. Chumba namba nne ni chao, na leo narudia."

Basi hapo mlango ulikuwa wazi. Mikono alikuwa na hiari ya kuinua vidole, atoe maneno yale kama yalivyosemwa, sahihi kabisa, bila kuongeza wala kupunguza, na uongo ungekuwa wa Meya si wake. Dada angepunga. Wangepewa na chumba. Aliiona njia yote mpaka mwisho, na mikono yake ikabaki imening'inia.

Dada akapiga kiganja hewani kumwita. "Amesema nini?"

Mikono akafanya kitu ambacho mkalimani hakifanyi. Alisema kwa mdomo na kwa vidole kwa pamoja, na kwa sababu lugha mbili haziendi sambamba, zote zikatoka zimevunjika.

"Amesema alisema. Hakusema. Chumba nilisema mimi. Meya siku ile... alisema kina milango. Akacheka. Mimi nikatia mengine."

Rula ndiye aliyeuliza, taratibu, "Siku hiyo tu?"

"Miaka minne. Kila akipotea nilikuwa namrudisha. Mwaka huu hotuba zote ni zangu, au za karatasi."

Alilitoa na hilo kwa vidole. Kisha dada akaanza kusema, mikono yake ikiwa chini, karibu na tumbo, kama mtu anayeongea kwa sauti ndogo.

"Anasema nini?" Katibu akauliza.

Hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Mikono akavuta pumzi, akawa dada yake tena.

"Huyu nimemlea mimi," alisema. "Neno lake la kwanza nilimpa mimi, lilikuwa maji. Miaka minne nimekuja hapa kila Alhamisi kusoma barua aliyokuwa ananiandikia yeye. Nikaipungia. Nikawakusanyia wenzangu sahihi sitini na nne, watu wazima, tumekuja hapa kuwaambia mnaosikia kwamba hamjui kusikia. Rudisheni ile barua. Mdogo wangu ni mwongo." Dada alitulia, akamtazama, akaongeza jambo fupi. Mikono akalisema nalo, "Umewaambia yote?" na watu hawakujua kama aliyeuliza ni dada au ni yeye.

"Nimewaambia," alimjibu kwa vidole.

Dada akaketi. Hakutazama tena mbele. Kiziwi asipokutazama amefunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Meya alikuwa bado amesimama, ameegemea fimbo.

"Kila nikimaliza," alisema, si kwa baraza, kwa Mikono, "niliona mikono yao juu. Nikirudi nyumbani nikijisikia vibaya nilikuwa najiambia, lakini wale walipunga. Basi leo nimejitahidi." Akafikiri. "Ilikuwa mbaya kiasi gani?"

"Mheshimiwa, mwaka huu hujamaliza sentensi tano mfululizo."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Mwalimu alikuambia," Katibu alisema bila kuinua kichwa. "Mara mbili. Ulisema ana wivu."

Rula alitazama kucha zake. Meya aliangalia benchi za mbele kwa muda, ambako sasa wengi walikuwa wanatazama sakafu.

"Andika, Katibu," alisema. "Naacha kiti. Si kwa ile tai." Alikohoa. Akaanza tena. "Ile tai ni... ile ilikuwa ni siku moja. Naacha kwa sababu, eeh. Kwa sababu sijui nini kingine nilichosema. Wala nani alikisema."

Mikono aliitoa yote. Aliikohoa kwa vidole, akaisitisha ilipositishwa, akairudia tai mara mbili, akaiacha imening'inia pale ilipoachwa. Ilikuwa hotuba mbaya. Wachache waliokuwa wakitazama waliinua nyusi, kana kwamba wanamwona mgeni. Hakuna aliyepunga.

Ijumaa mchana alipeleka kwa Katibu barua yake mwenyewe ya kuacha kazi. Katibu aliisoma, akaigonga muhuri wa tatu, akaandika chini yake kwa wino: imekubaliwa, ataondoka atakapokuwa amefundisha watu wawili. Hakumuuliza anaonaje.

Kibandani dada alikuwa anashona. Mikono alisimama ndani ya mlango. Cherehani kilienda, kikasimama, kikaenda. Alingoja. Mteja alikuja, akachukua sketi, akajitazama kwenye kioo nusu mbili, akaondoka. Ndipo dada alipoinua macho.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini?"

"Ile siku ya chumba. Alivyosema yeye."

Mikono akaweka mkoba chini, akamwonyesha. Aliacha vidole vilegee. Akaanza na chumba, akakiacha, akakirudia, akapoteza njia, akaishika milango na kuiangusha, akacheka pasipo na cha kuchekea. Hakupendezesha kitu. Dada alitazama mpaka mwisho bila kupepesa.

"Fundi viatu," alisema.

"Ndiyo."

"Fundi viatu mwenyewe kabisa." Alisugua macho kwa mgongo wa kiganja. "Ningejua mwaka ule wa kwanza ningemfuata nyumbani kwake. Mimi ananisikiliza. Ningemwambia, baba, shuka upumzike, pona, utarudi. Angeondoka akiwa na heshima yake na goti lake."

"Ungemwambia kwa mdomo wa nani?"

Dada alimtazama mdomo.

"Wako," alisema. "Ndiyo maana nina hasira. Nilikuwa na mdomo mmoja tu, nao ulikuwa na mambo yake."

Safari hii Mikono hakutia lake. Dada alilivuta lile furushi la kijani, akalifungua juu ya meza ya kukatia. Mapazia ya madirisha mapana, hayakufaa dirisha lolote la nyumba ya mtu. Alitafuta pindo kwa ncha ya mkasi mdogo, akakata uzi wa kwanza, akamtupia mdogo wake upande wa pili wa kitambaa.

"Shika. Kaza. Tunafumua."

Kitambaa kilikuwa kikubwa, kilitaka mikono yote minne, kwa hiyo hawakuweza kuongea tena mpaka kilipoisha.